UZI: Historia za ajabu za kwetu Katanga na namna ya kuzigeuza fantasia ya giza (ni mrefu, soma taratibu)

Mwana_Kamalondo
Habari za usiku bandugu. Uzi huu nimekaa nao kichwani muda mrefu, leo umeme umerudi mapema hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, acha niumwage wote. Kila wiki kuna mtu ananiandikia inbox, "kaka nataka kuandika fantasia ya giza nianzie wapi", yaani zile hadithi za kubuni zenye maajabu na hofu, na akinitumia kazi yake nakuta ngome ya mawe, theluji, mbwa mwitu wanalia, mfalme ana jina la kizungu ambalo hata mwandishi mwenyewe hajui linatamkwaje. Mi najua hiyo njia kwa sababu niliipita miaka mitatu. Nilikuwa na hadithi ya kurasa mia mbili, theluji kila sura. Dada yangu mkubwa akasoma sura mbili akaniuliza kitu kimoja tu, hii baridi unayoiandika imekuuma wapi kwenye mwili? Nikakosa jibu. Mi najua vumbi jekundu la mwezi wa tisa linavyokaa kwenye meno, najua lile bomba refu la moshi la kiwanda unaliona popote ulipo mjini na mlima mweusi wa mabaki ya shaba pembeni yake. Theluji siijui.

Basi nikaanza upya, na nikaanzia ukutani kwa bibi.

Kwa bibi yangu, mtaa wa Kamalondo, kwenye ukuta wa saluni (sebule), upande wa juu ya redio, palikuwa na msumari na chini ya msumari sehemu ya mstatili ambayo rangi yake ni ya kijani mpya kuliko ukuta wote. Nilikuta hivo toka nazaliwa. Pale kulikuwa na picha ya Mamba Muntu. Wale wa Dar na Mombasa labda hamuijui, ni mwanamke mweupe mwenye nywele ndefu, amekaa ukingoni mwa maji, kuanzia kiunoni ni samaki, mara nyingi kuna nyoka na ana saa mkononi. Wachoraji wa mji huu walikuwa wanamchora kwenye kitambaa cha magunia ya unga na miaka ya 1970 ukiingia nyumba nyingi za wafanyakazi unamkuta saluni anakuangalia. Wazee wanasema ukiokota kitana chake au unywele wake atakujia ndotoni kuudai, na hapo njo mnapatana: atakupa pesa, we utampa mtu wa kwenu. Alafu ikafika wakati watu wakaanza kuzitoa hizo picha ukutani, wengi baada ya kuokoka.

Sasa angalia hapo kuna nini. Nyumba ya mtu anayelipwa mshahara, na ndani yake picha ya mkataba. Kila siku familia inakula chini ya picha inayosema utajiri una bei na bei ni ndugu yako. Mi sijaona kitu cha giza kuliko hicho kwenye kitabu chochote cha ngome na theluji.

Endelea kusoma post ya pili naandika saa hii.

Mwana_Kamalondo
Nataka kusema jambo moja kwenye uzi mzima na mengine yote ni mifano yake. Ukikuta historia ya ajabu usikimbilie kuchukua zimwi. Tafuta hesabu iliyolizaa. Kila zimwi watu waliloliamini lilikuwa linajibu swali, kuna kitu kilikuwa kinapungua na hakuna aliyewaambia kinaenda wapi.

Mfano wa kwanza ni batumbula. Huku Katanga, wakati Lubumbashi ikiitwa Elisabethville, watu waliamini kuna wazungu wanaotuma watu weusi usiku kukamata wapita njia. Ukikamatwa unafungiwa, unalishwa unanenepeshwa, unanyweshwa kitu unageuka nguruwe, alafu unaliwa. Jina lenyewe batu wa hapa tukilisikia tunasikia kutumbua, kupasua. Wazee wa mtaani kwetu wanasimulia mpaka nyama za kopo watu walikuwa wanazigeuza geuza dukani kutafuta alama.

Mtu mvivu atachukua hapo mzungu anayekula watu, ataandika hadithi ya kurasa kumi, damu damu, imeisha. Lakini kaa na hesabu. Mji umeanzishwa 1910. Mwaka huohuo ikaanzishwa taasisi ya kutafuta wafanyakazi wa migodi, maajenti wanaingia vijijini wanatoka na wanaume, na miaka ile ya kwanza kambini watu walikufa wengi sana kwa magonjwa. Kijijini wanachoona ni kwamba fulani alienda na hakurudi. Alafu mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, inabadili mpango, sasa inataka mfanyakazi akae na mke na watoto kambini, inampa posho, inajenga hospitali, inapima watoto uzito, inawalisha. Sasa jiweke wewe. Kampuni iliyokuwa inakuchukulia watu wasirudi leo inakulisha bure na kukupima kilo. Ungewaza nini? Mkulima gani analisha mnyama na kumpima bila sababu?

Batumbula ni jibu la watu waliokuwa wanahesabu vizuri tu.

Mkwaju_Tanga
Daah mkuu hii nondo. Huku kwetu pwani tunao mumiani, bibi alikuwa anatutisha nao tusitoke magharibi. Wanakunyonya damu inapelekwa kutengenezewa dawa. Na kuna wanaowaita wazimamoto, yaani wale wa gari jekundu, sikuwahi kuelewa kwanini zimamoto jamani. Ni kitu kimoja na hao wenu?

Mwana_Kamalondo
Ni familia moja kaka. Kenya na Uganda wazimamoto, pwani kwenu mumiani, ng'ambo ya mpaka wetu Zambia banyama, sisi batumbula. Mombasa mwaka 1947 watu walivamia kituo cha zimamoto kwa sababu hiyo, kwahiyo usifikiri ilikuwa hadithi ya kulaza watoto, watu wazima walibeba mawe.

Na kwanini zimamoto, jiulize kama mwandishi. Mtaa wako hauna maji ya bomba, nyumba ni za makuti na ikiungua hakuna anayekuja kuzima. Lakini kuna gari jekundu, lina ndoo na mipira mirefu, lina wanaume wenye sare wanaokaa siku nzima wanasubiri. Wanasubiri nini?

Sasa kuhusu neno mumiani ngoja nikupe kitu ambacho nilipokijua sikulala. Kamusi za zamani za Kiswahili zinakwambia mumiani ni dawa nyeusi kama lami, ya mifupa iliyovunjika na maumivu, na kwamba kuna watu wanaamini ni damu ya binadamu iliyokaushwa. Neno lina asili moja na lile la Kiajemi na Kiarabu la lami, mumiya, ambalo ndilo lililozaa jina la maiti za Misri zilizokaushwa. Na Ulaya wauza dawa walichanganya mambo, wakaanza kusaga hizo maiti zenyewe na kuziuza kama dawa ya kunywa, kwa karne kadhaa mpaka karne ya 18. Maduka ya dawa ya London na Paris yalikuwa nayo rafuni. Mfalme Charles II wa Uingereza, aliyekufa 1685, alikuwa na matone yake ya dawa yaliyotengenezwa kwa fuvu la mtu. Ujerumani na Denmark wagonjwa wa kifafa walikuwa wanasogea kwenye jukwaa la kukatia watu vichwa na kikombe ili wanywe damu ikiwa ya moto.

Kwahiyo bibi yako Tanga anasema "wanatengeneza dawa kwa miili ya watu" na anacheka kijana aliyesoma, kumbe rafu za London zilikuwa zimejaa hicho kitu. Bibi alikosea karne na anuani, hakukosea jambo.

Hapo hadithi inajiandika. Ila bado usichukue mnyonya damu, chukua duka la dawa. Mwenye duka ni mtu mpole, ana mizani safi, anamuuguza mtoto wake kwa dawa hiyohiyo na mtoto anapona.

Yaya_Katuba
Yaya, minasoma uzi yako na roho inapika mbio. Mama yangu alizaliwaka mu kambi ya kampani. Alikuwaka anatuambia kila wiki bamama bote banapanga mustari na batoto ku mugongo, mutoto anapimwa kilo, mama ya kizungu anaandika mu kitabu. Kama mutoto amepunguza kilo mama njo anasemeshwa mbele ya bengine. Na uji ya batoto ilikuwa lazima anywe palepale, hauwezi kubeba ku nyumba. Mama alisemaka bibi alikuwa anaogopa siku mutoto anaongeza kilo kupita siku anapunguza. Tangu utoto sikukuwa naelewa juu ya nini. Leo minaelewa.

Mwana_Kamalondo
Yaya asante sana. Hiyo sentensi ya bibi yako naomba ruhusa yako kabisa, siichukui bila wewe kusema ndiyo. Ni bora kuliko chochote nilichoandika.

Yaya_Katuba
Chukua. Ila usiandike jina ya kambi, na bibi mupatie jina ya muzuri.

Mwana_Kamalondo
Nitampa Furaha. Nimekaa nayo lisaa limoja na hii ndo imetoka, naiweka ikiwa mbichi:

"Jumamosi mji mzima ulinuka uji. Furaha alimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge kile kizito, kile chenye pindo mbili, kwa sababu usiku alikuwa ameshona punje za mahindi kwenye pindo moja na kuiacha tupu ile nyingine. Wiki mtoto akinenepa angemvua upande wenye punje. Wiki akikonda angeuacha. Kwa namna hiyo mtoto wake alikuwa na kilo saba kwa miezi mitano, na kwenye kitabu cha yule mama jina lake lilikuwa na mstari ulionyooka kama uzi wa nguo, wakati majina ya wengine yalipanda, yakapanda, alafu yakaisha. Hakuna aliyemwambia yanaishaje. Safu ya kulia ya kitabu ilikuwa imeandikwa kwa herufi ambazo hata padri hakuzijua."

Unaona hakuna zimwi hapo. Kuna mizani na kitabu na mama anayefanya udanganyifu wa gramu. Zimwi likija sura ya tano msomaji atakuwa ameshaliamini.

Mkwaju_Tanga
Aisee nimesisimka. "Alafu yakaisha."

Moto_wa_Goma
Salamu toka Goma. Mi nauliza, na kama historia yenyewe ni ya ardhi na siyo ya watu? Huku kwetu kuna mazuku. Ni hewa mbaya inatoka chini, gesi ya kaboni dioksaidi, ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwahiyo inalala kwenye mabonde na mashimo, haina rangi, asubuhi unakuta mbuzi amelala hajajeruhiwa popote. Mtu mzima akisimama kichwa kinaweza kuwa juu yake, mtoto anayetembea pembeni yake yuko ndani. Na ziwa Kivu lenyewe limebeba chini huko gesi hiyohiyo kama kilomita za ujazo 300 na methani kama 60. Kamerun ziwa Nyos lilipumua mara moja tu usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 watu zaidi ya 1,700 wakafa na lile ni ziwa dogo. Sisi tunachota maji humo kila siku. Mlima nao, ile volkano ya Nyiragongo, 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani, alafu tukachonga mawe ya lava hiyohiyo tukajengea nyumba. Ukuta wangu hapa ninapoandika ni hayo mawe.

Mwana_Kamalondo
Kaka hapo una kitabu kizima na umekijengea nyumba. Soma tena post yako mwenyewe. Mtu mzima kichwa chake kiko nje, mtoto anayemshika mkono yuko ndani. Hicho ni kifo chenye kimo. Jiulize jamii ingeishije kama ingejua kifo kina kimo, wangebebaje watoto, milango ingekuwa na ngazi ngapi, nani angelala chini na nani juu ya kitanda, na mtumishi je? Usiweke pepo ndani ya ziwa mapema. Na neno mazuku ni lenu wenyewe, mpaka wanasayansi wa volkano wamelichukua wanalitumia hivohivo, kwahiyo usilitafutie jina lingine la kigeni.

Na wazee wa upande wenu na wa Rwanda walikuwa na ramani ya wafu kabisa. Waliopita kwenye ibada ya Ryangombe wanaenda kukaa naye kule juu kwenye milima mingine, wasiopita wanatupwa Nyiragongo. Ryangombe mwenyewe alikuwa mwindaji akauawa na nyati, akaangukia kwenye mti wa maua mekundu. Ila hii ni imani ya watu, kaa na wazee wa huko kwanza kabla ya kuandika, usiiokote kama jiwe la njiani.

Mwanafunzi_UNILU
Mi nina wasiwasi bro. Huu mtindo wako unafanya kila kitu kiwe ukoloni. Ulaya nao hawakuwa na mambo yao ya ajabu yasiyo na hesabu? Wale waliocheza mpaka kufa Strasbourg, hapo kuna hesabu gani? Ni ajabu tu.

Mwana_Kamalondo
Swali zuri. Strasbourg, mji ulioko Ufaransa leo, mwezi wa saba 1518 mwanamke mmoja alianza kucheza barabarani peke yake na hakuacha, siku zikaenda wakajiunga wengine mpaka wakawa umati, wengine wakaanguka. Sasa tafuta nyuma yake. Mavuno yalikuwa mabaya miaka kadhaa, mkate ghali, magonjwa. Na watu waliamini kuna mtakatifu anayeitwa Vitus akikukasirikia anakulaani kwa kucheza. Kwahiyo mwili uliochoka ukapata njia ambayo tayari ilikuwa imechimbwa.

Lakini kwa mwandishi kitu chenyewe hakiko kwa wachezaji, kiko kwa wakubwa wa mji. Waliamua dawa ya wanaocheza ni kucheza zaidi, wakawatengea nafasi, wakajenga jukwaa, wakalipa wapiga muziki. Ugonjwa ukaongezeka. Mi ningeandika hadithi ya mpiga zumari. Analipwa kwa siku, ana watoto, na anajua akinyamaza mshahara unakwisha na akiendelea yule binti mbele yake anakufa. Hesabu iko palepale na hakuna mkoloni ndani yake.

Simba_Bunkeya
Umezungumza yote hujagusa kichwa cha M'siri. Unaogopa?

Mwana_Kamalondo
Ndiyo naogopa kidogo, na nitaeleza kwanini, maana hapa ndo wengi wanaharibu.

Kwa wasiojua. M'siri alikuwa mfalme wa Bayeke, baba yake mfanyabiashara wa shaba, walitoka upande wa Unyamwezi huko Tanzania ya leo, akaja akajenga ufalme wa Garenganze na makao Bunkeya. Alitawala kwa shaba, pembe, bunduki na biashara ya watumwa, siyo malaika. Wageni waliofika waliandika kwamba miti ya uzio wake ilikuwa na mafuvu ya maadui juu yake. Mwaka 1891 Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, anataka Katanga kabla Waingereza hawajafika, unatumwa msafara unaongozwa na Stairs, mzaliwa wa Kanada. M'siri anakataa bendera. Tarehe 20 Desemba 1891 kapteni Bodson, Mbelgiji, anampiga risasi, na Bodson naye anapigwa palepale na mtu wa M'siri, anakufa. Kichwa cha mfalme kinakatwa kinainuliwa juu ya mti ili watu waone kwamba amekufa kweli.

Yaani mfalme aliyeweka vichwa juu ya miti. Ukiyabuni haya kwenye hadithi mhariri atakwambia punguza.

Na kutoka hapo historia inaingia gizani. Kichwa kilienda wapi? Bayeke wanasema kilibebwa, na kila aliyekibeba alikufa. Stairs hakurudi kwao, Juni 1892 alikufa kwa malaria Chinde, kwenye mdomo wa mto Zambezi, amebakiza kupanda meli. Wengine wanasema kichwa kiko Ubelgiji, wengine kilizikwa njiani upande wa Zambia. Hakijarudi.

Sasa kwanini naogopa. Kwa sababu hicho kichwa kina wenyewe. Kila tarehe 20 Desemba Bayeke wanamkumbuka pale Bunkeya, kuna Mwami, mfalme wao, amekaa kwenye kiti kilekile. Ukimgeuza M'siri kuwa mchawi wa fuvu linaloongea umeingia kwenye msiba wa watu na viatu. Kwahiyo mi nafanya hivi, namwacha M'siri na jina lake na nchi yake. Nachukua hesabu tu. Msafara unabeba kopo, ndani yake kitu ambacho hakuna anayetaka kukibeba na hakuna anayeruhusiwa kukitupa. Nani anakibeba leo? Wanapanga zamu. Wapagazi wanakataa kwa zamu, wazungu wanahongana dawa za homa ili kukwepa zamu. Ndani ya kopo hilo kuna nini hatufunui mpaka mwisho, labda hatufunui kabisa.

Simba_Bunkeya
Mi ni wa huko kwa mama. Hapo umejibu vizuri, mzee wangu angekubali. Ila ongeza kitu kimoja, sisi tunaouliza kichwa kiko wapi hatuulizi kwa ajili ya uchawi. Mwili ulizikwa bila kichwa. Mtu hajamaliza kuzikwa.

Mwana_Kamalondo
Naandika hiyo. "Mtu hajamaliza kuzikwa." Asante ndugu, na pole.

Mwanafunzi_UNILU
Basi na jino la Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza? Alipigwa risasi hapahapa karibu na mji 17 Januari 1961, mwili ukayeyushwa kwenye asidi, likabaki jino limekaa Ubelgiji mpaka 2022. Hiyo ni fantasia ya giza tayari.

Mwana_Kamalondo
Hiyo mi siigusi. Watoto wake wapo, walilipokea hilo jino kwenye sanduku Juni 2022, likapita mpaka Shilatembo, pale alipouawa, likazikwa Kinshasa. Nilisimama barabarani hapa Lubumbashi siku lilipopita, nilimuona mzee mmoja amevua kofia ameiweka kifuani analia bila sauti. Baada ya kuona hivyo siwezi kuliweka kwenye kisa cha majini. Mwingine anaweza, anitangulie. Mi hapana.

Mkwaju_Tanga
Mkuu tupe moja ya kumalizia ambayo haina wenyewe wa kuumia basi, maana nataka kuanza kuandika leo leo.

Mwana_Kamalondo
Hakuna historia isiyo na wenyewe kaka, ila kuna ya mbali. Chukua misalaba ya shaba.

Kabla ya mkoloni shaba ya Katanga ilikuwa inayeyushwa inamiminwa kwenye umbo la msalaba, mikono minne sawa, na hiyo misalaba ilisafiri mbali sana kibiashara. Haihusiani na Yesu, ipo kabla ya padri wa kwanza. Ndiyo mitatu uliyoiona kwenye bendera ya Katanga ya 1960. Baba mkubwa wangu anao mmoja, nimeushika. Ni mzito kuliko macho yanavyokwambia, kingo zake hazijanyooka kwa sababu shaba ilimiminwa wazi, na upande wa juu una mikunjo midogo kama uji uliopoa. Ukiukamata muda mfupi tu unachukua joto lako, ukiuweka chini unakuwa wa baridi tena haraka. Harufu inabaki kiganjani mpaka unawe mara mbili.

Sasa mwaka 1957 wataalamu walichimba makaburi ya Sanga, kwenye bonde la Upemba ukingoni mwa ziwa Kisale. Makaburi mengi, ya karne nyingi, watu wamezikwa na vyungu na vito vya shaba. Na misalaba. Kwenye makaburi ya zamani unakuta msalaba mkubwa, uko kifuani, ni wachache walionao, inaonekana ni heshima. Karne zinavyosogea misalaba inakuwa midogo, inafanana ukubwa, inakuwa mingi, na sasa iko karibu na mikono ya maiti. Wanaakiolojia wanasoma hapo kuzaliwa kwa pesa, kitu cha heshima kinageuka kitu cha kulipia.

Mi nilivyosoma hiyo nilisimama nikazunguka nyumba. Kitu kilichokuwa kinalala juu ya moyo kikahamia kiganjani. Kwa karne kadhaa, hakuna aliyeona kikihama, kila kizazi kiliona tu mazishi ya kawaida. Maiti wa kwanza amevalishwa. Wa mwisho ameshikishwa, kama mtu anayeenda mahali kuna kiingilio.

Nani aliweka kiingilio? Kilianza lini? Na wale wa zamani waliokwenda na msalaba mmoja mkubwa kifuani, je, waliruhusiwa kupita au bado wamekaa nje ya lango mpaka leo wanauliza chenji? Anzia hapo. Hiyo nakupa bure.

Mkwaju_Tanga
Nimeshaanza. Mlinzi wa lango ndo anasimulia.

Yaya_Katuba
Yaya, ile foto ya kwa bibi yako, ile ya Mamba Muntu. Ilienda wapi? Umesema msumari iko, foto haukusema.

Mwana_Kamalondo
Yaya swali lako lilinitoa nyumbani. Leo jioni nilipita Kamalondo kumuuliza mama mdogo, yeye ndo amebaki na ile nyumba. Msumari upo, ametundika kalenda ya kanisa, lakini kalenda ni ndogo kwahiyo ile kijani mpya inaonekana pande zote nne. Akasema walipoamua kuiondoa waliigeuza kwanza uso uangalie ukuta, ikakaa hivo siku tatu, alafu babu akaibeba usiku peke yake. Nikamuuliza kwanini usiku, na kwanini siku tatu. Akaniangalia muda, akasema bukari (ugali) inaungua, akaingia jikoni. Jikoni hakukuwa na kitu motoni.